Ruzuku Haijafika Mekoni

Oktoba 2024 nililipwa kuwaeleza wazee wa Uingereza jinsi ya kuomba pesa za kupasha nyumba zao joto.

Kazi niliipata kwa ajenti wa mtandaoni. Maneno 1,200, Kiingereza chepesi, jina la mwandishi lisitokee. Niliiandika kibarazani kwetu Bongwe, kompyuta mapajani, jasho linanitoka hadi kwenye vidole. Kufikia jioni nilijua mengi kuhusu baridi ya watu. Nilijua kwamba tangu 1997 serikali yao huwatumia wazee pesa kila msimu wa baridi, pauni 200 hadi 300 kwa nyumba, ili mtu asichague kati ya kula na kuwasha hita. Nilijua pia kwamba Julai mwaka ule waziri wao wa fedha, Rachel Reeves, alikuwa ametangaza kwamba pesa hizo zitawaendea maskini wa mwisho tu, na wazee karibu milioni kumi wakajikuta nje. Nchi ilichafuka. Wabunge wa chama chake mwenyewe walinuna. Juni iliyofuata serikali ilirudi nyuma, ikawarudishia wote ambao kipato chao hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka.

Nikiwa katikati ya aya ya tatu, mamangu alipita na shilingi mia mkononi, anaenda kununua makaa. Alirudi amekunja uso.

"Kopo limepungua," akasema.

"Bei imepanda?"

"Bei ni ile ile, hamsini. Kalipige kitako, kameingia ndani. Mwenyewe anaona sisi hatuna macho."

Hivyo ndivyo bei ya moto hupanda kwetu. Haitangazwi kwenye runinga tarehe kumi na nne ya mwezi kama ile ya petroli. Kitako cha kopo hupanda usiku, na asubuhi unapata makaa pungufu kwa hamsini yako.

Nilimaliza makala. Nililipwa. Sehemu ya malipo ilinunua makaa. Tangu siku hiyo kuna swali linanikera na nataka nilitoe hapa. Uingereza waligombana kuhusu nani apewe pesa za moto, wazee wote au maskini peke yao. Ugomvi mkali, lakini hakuna aliyeuliza kama ni kazi ya serikali kujua moto wa bibi kizee unagharimu pesa ngapi. Hilo walishakubaliana zamani. Marekani nao wana mpango wao wa namna hiyo tangu 1981. Sisi je? Serikali yetu imetoa ruzuku na misamaha ya kodi kwa jina la mama wa mekoni mara ngapi, na ni shilingi ngapi kati ya hizo zilizofika mekoni?

Jibu langu ni fupi: karibu sufuri. Na sababu si kwamba pesa hazikutoka. Zilitoka, tena nyingi. Zilipitia mahali ambapo mamangu hapiti.

Kwanza tuelewane kuhusu moto. Bongwe si Limuru. Baridi yetu ni ile ya Juni na Julai kusi likivuma, bibi anajifunika leso ya pili na kusema mwaka huu kumezidi. Hatupashi nyumba joto. Moto wetu ni wa kupika, na moto wa kupika hauna msimu. Mzee wa Uingereza akifika Mei anazima hita. Mamangu hana Mei. Chai ya asubuhi, sima ya mchana, mboga ya usiku, na maji ya bibi ya kuoga kwa sababu ya miguu yake, siku 365.

Kuna jambo la pili ambalo wanaopanga bajeti hawalifikirii kwa kuwa hawapiki. Chakula cha maskini ndicho kinachokula moto mwingi. Samaki wa kukaanga ni dakika kumi. Mayai ni dakika tano. Lakini mbaazi? Kunde kavu? Pure, mahindi na maharagwe pamoja? Hayo ni masaa. Ukiwa huna pesa ya samaki unachemsha maharagwe, na ukichemsha maharagwe unahitaji makaa ya pesa uliyookoa kwa kutonunua samaki. Nimeona mamangu akipanga chakula cha jioni kwa kuangalia gunia la makaa kwanza, kabati baadaye. Wakati mwingine unga upo, mbaazi zipo, na tunalala na chai kwa sababu kilichokwisha ni moto.

Sasa twende kwa hesabu. Mimi nilisoma uchumi chuoni miaka miwili kabla karo haijanishinda. Sikutoka na cheti, lakini kujumlisha nilijua hata kabla ya kwenda.

Nyumbani tuko sita. Tunatumia makopo mawili ya makaa kwa siku, shilingi mia. Kwa mwezi ni 3,000. Mtungi wa gesi wa kilo sita kuujaza hapa Ukunda ni kama 1,200. Kwa watu sita haumalizi mwezi, lakini hata tukihesabu mitungi miwili mizima, ni 2,400. Kwa hiyo mamangu, ambaye hana pesa, anapikia moto ghali kuliko jirani yetu mwalimu ambaye anazo. Kila mwezi anamzidi kwa shilingi mia sita.

Usifikiri hajui. Hili ndilo linalonikasirisha zaidi kwenye semina za "kuhamasisha jamii kuhusu nishati safi". Wanakuja na fulana na chupa za maji, wanamweleza mwanamke wa miaka hamsini kwamba moshi ni mbaya. Ameukohoa tangu utotoni! Anajua gesi ni safi, anajua ni nafuu, hesabu hiyo alinifundisha yeye. Shida yake ni moja: hakuna siku hata moja ambayo ameamka akiwa na 1,200 zisizo na mwenyewe. Anauza mahamri. Pesa inaingia kumikumi na ishirini-ishirini, na inatoka hivyo hivyo. Anayepata kwa kadogo hununua kwa kadogo, na kadogo siku zote ni ghali.

Sasa shika hesabu hiyo mkononi, halafu tuangalie serikali imefanya nini kwa muda wa miaka kumi.

Mwaka 2016 iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi. Tukashangilia. Julai 2021 ikairudisha, asilimia 16. Julai 2022 ikaipunguza hadi 8. Mwaka 2023 ikaiondoa tena. Machi mwaka huo huo Rais William Ruto alituahidi kwamba kufikia Juni mtungi wa kilo sita utakuwa kati ya shilingi 300 na 500. Juni imepita, na Juni nyingine zimeifuata. Mtungi bado uko juu ya elfu moja.

Lakini tuseme ahadi ni ahadi, tuiache. Hata kodi yenyewe ilipoondolewa, nani aliyefaidika? Ukiondoa kodi kwa kila kilo, anayechoma kilo nyingi ndiye anayepata nyingi. Jikoni kwa hoteli kubwa ya Diani, ambako gesi inaletwa kwa lori na mpishi anakaanga mayai ya watu mia tatu kabla ya saa nne asubuhi, msamaha huo ulikuwa pesa ya maana. Kwa mwalimu jirani yetu ulikuwa shilingi mia na kitu kwa mtungi, alhamdulillahi. Kwa mamangu, ambaye hana mtungi, ulikuwa sufuri. Msamaha uliopewa jina lake ulipita juu ya kichwa chake ukaenda kutua ufuoni.

Njoo kwenye mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita. Sababu iliyotolewa: kuna wafanyabiashara walaghai wanaochanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, kisha wanauza mchanganyiko kwa bei ya dizeli. Uhalifu ni wa kweli, unaharibu injini za watu. Dawa iliyopatikana? Kuyafanya mafuta ya taa yawe ghali ili kusiwe na faida ya kuyachanganya.

Hebu lifikirie hilo. Mwizi ana tangi la lita elfu thelathini. Mamangu ana chupa ya soda. Badala ya kumfuata mwenye tangi, iliamuliwa kwamba kila mwenye chupa ya soda alipe, mpaka wizi upoteze faida. Hakuna hata mmoja kwenye mtaa wetu aliyewahi kumchanganyia mtu dizeli. Lakini faini tulilipa sisi, na tunaendelea kulipa kila tunapojaza kibatari na stovu.

Oktoba 2023 lita moja ya mafuta ya taa Nairobi ilifika shilingi 205.06. Dizeli, ya kuendeshea lori, ilikuwa 205.47. Tofauti senti 41. Mombasa na huku kwetu ilikuwa nafuu kidogo, kwa kuwa meli hushushia hapa. Mafuta ya maskini na mafuta ya lori yakawa bei moja, na watu wa ofisini wakaita hiyo sera nzuri ya mazingira: eti watu watahama waende kwenye gesi. Kweli watu walihama. Walirudi kwenye kuni.

Na haya yote yalitokea huku serikali hiyo hiyo ikitoa ruzuku ya mafuta! Kuanzia Aprili 2021 ililipa sehemu ya bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa ili isipande kwenye pampu. Kwa lita ile ile ya mafuta ya taa, mkono mmoja ulikuwa unatoa ruzuku na mwingine unachukua shilingi 18. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa, Ruto alituambia kwamba ruzuku ya mafuta imekula shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati ya hizo kwa miezi minne ya mwisho. Kesho yake ruzuku ya petroli iliondolewa.

Sitasema ilikuwa makosa kuiondoa, na hapa najua nitawaudhi wenzangu. Ruzuku ile ilikuwa ya wenye matangi. Prado moja inayotoka Nairobi kuja kula Krismasi Diani ilipata kutoka kwa serikali, kwa safari moja, pesa nyingi kuliko mamangu kwa mwaka mzima wa mafuta ya taa. Nisikose haki: matatu ya Ukunda kwenda Likoni hutumia dizeli, na nauli ikipanda sote tunaumia. Hilo nalikubali. Lakini usiniambie kwamba bilioni 144 zilimwagwa kwa ajili ya mama mboga. Mama mboga alikuwa picha kwenye bango.

Twende kwenye stima, kwa maana mtu ataniambia siku hizi tupike kwa umeme. Kenya kuna bei maalum ya umeme kwa maskini. Wazo lenyewe ni zuri sana. Anayetumia kidogo kwa mwezi analipa bei ya chini kwa kila yuniti. Novemba 2018 kidogo hicho kiliwekwa kuwa yuniti 100. Aprili 2023 kikakatwa hadi 30. Ukizidisha 30 kwa wastani wa miezi mitatu unapanda daraja, ukizidisha 100 unapanda tena.

Tatizo ni hili: nani anahesabiwa? Inahesabiwa mita. Haihesabiwi familia.

Dada yangu amepanga chumba Ukunda. Ploti ina vyumba vinane na mita moja. Kila chumba kina taa, simu za kuchaji, redio, labda televisheni moja ndogo. Kila familia peke yake haifiki hata yuniti 20. Ukizijumlisha zote nane kwenye mita moja, mfumo unaona tajiri mmoja anayekula umeme, na unamtoza bei ya tajiri. Mwenye nyumba naye anagawa, kila chumba shilingi mia tano, na kwenye ukuta wa choo amebandika karatasi: HAIRUHUSIWI KOILI, PASI WALA HITA. Ndiyo kusema dada yangu analipa daraja la juu na kupika haruhusiwi.

Mtaa wa pili kuna nyumba ya likizo. Mwenyewe huja Desemba na Agosti. Miezi mingine ni taa moja ya mlinzi. Wastani wa miezi mitatu ukihesabiwa, nyumba hiyo yenye bwawa la kuogelea yaweza kabisa kuangukia daraja la maskini. Mfumo haukukosea. Umefanya kile ulichoambiwa, kutafuta mita inayotumia kidogo. Kutafuta mtu asiye na kitu hakuna aliyeuambia.

Najua kuna atakayesema: kuni si zipo bure?

Sensa ya 2019 iliuliza kila nyumba inapikia nini. Asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zilijibu kuni. Makaa 11.6. Mafuta ya taa 7.8. Gesi 23.9, na nyingi ya hizo ni mijini. Kwa hiyo tukisema "nishati ya Kenya" tunasema mwanamke na tita kichwani. Na kuni si bure hata kidogo. Bongwe ya babu yangu ilikuwa mikanju na miembe na minazi, ukiokota makuti na vifuu na makarara unapika mpaka kesho. Siku hizi mashamba yamekatwa ploti, kila ploti ina ukuta, na ndani ya ukuta kuna mbwa. Msitu uliobaki karibu ni wa makaya. Kaya Kinondo imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2008, pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda, na wazee wetu walishaweka mwiko wa kuukata karne nyingi kabla ya UNESCO. Mimi naunga mkono mwiko huo. Lakini nawauliza wanaokuja kuupiga picha: mwanamke aliyeambiwa asikate mti, asinunue makaa kwa kuwa yanaua msitu, anunue mafuta ya taa kwa bei ya dizeli, na gesi akiwa na 1,200, apikie nini? Maombi?

Halafu kuna mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Bibi yangu hajui takwimu hiyo. Anajua tu kwamba macho yake yanatoa machozi hata siku ambayo hajapika. Kuni zinalipiwa huko, machoni na kifuani, na bili yake hairudi kwa aliyetushauri kuwa ni bure.

Tuwe waadilifu: serikali iliwahi kujaribu kumfikia huyu mwanamke moja kwa moja. Mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa gesi ya mwananchi kupitia Shirika la Mafuta la Taifa. Mtungi wa kilo sita pamoja na kichwa cha jiko, kwa shilingi 2,000. Mitungi ikaletwa, mingi ikapatikana na kasoro, mradi ukakwama. Watu wengi wanakumbuka kashfa ya mitungi. Mimi nasema hata mitungi ingekuwa mizima kama yai, mradi ungekwama mbele kidogo.

Nasema hivyo kwa sababu India walifanya kitu kile kile, mwaka ule ule, na mitungi yao haikuwa na kasoro. Mei 1, 2016, mjini Ballia, walizindua mpango wa kuwaunganishia gesi wanawake maskini, na ukafikia mamilioni ya nyumba. Miaka mitatu baadaye mkaguzi mkuu wao alipoangalia, akakuta wastani wa wanawake hao ni kujaza mtungi kama mara tatu tu kwa mwaka. Mtungi ulikuwa umekaa pembeni, umefunikwa kitambaa, kuni zinawaka. Ni hadithi ya mamangu: mtungi hununuliwa mara moja, lakini moto hununuliwa kila siku. Kumpa mtu mtungi bila pesa ya kuujaza ni kama kumpa mvuvi mtumbwi usio na kafi.

Tofauti ni kwamba India waliona kosa wakalirekebisha. Kuanzia Mei 2022 kila mwanamke wa mpango huo akijaza mtungi anarudishiwa rupia 200 kwenye akaunti yake mwenyewe. Oktoba 2023 zikawa 300. Pesa haiendi kwa kampuni wala kwenye pampu. Inamfuata yeye.

Nasi tuna nini? Tuna M-Pesa tangu 2007! Dunia nzima inakuja Kenya kujifunza jinsi ya kutuma pesa kwa simu. Tuna Inua Jamii, mpango ambao tayari una majina, vitambulisho na njia ya malipo ya wazee waliopita miaka 70, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa, zaidi ya watu milioni moja. Bibi yangu yumo. Anapokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukitoa mtungi mmoja wa gesi amebaki na 800 za kula, dawa na rambirambi za mtaa mzima.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nayasema waziwazi ili asije mtu kusema vijana wanalalamika tu bila suluhisho.

Moja. Ongezeni pesa ya moto kwenye Inua Jamii. Mimi natoa 600 kwa mwezi, nusu ya mtungi. Kwa watu milioni moja ni milioni 600 kwa mwezi, bilioni 7.2 kwa mwaka. Ni pesa nyingi, ndiyo. Sasa chukua zile bilioni 144 za ruzuku ya pampu ugawe kwa 7.2. Ni miaka 20. Pesa tuliyochoma kwa miezi kumi na saba kupoza bei ya petroli ingempikia bibi yangu na wenzake miaka ishirini. Nani bado anasema pesa hazipo?

Mbili. Umeme wa maskini uhesabu familia. Ploti ikiwa na familia nane, kipimo cha bei ya chini kiwe yuniti 30 mara nane. Chifu anajua ploti ina vyumba vingapi, mzee wa mtaa anajua, hata mkusanyaji wa taka anajua.

Tatu. Gesi iuzwe kwa kadogo na kadogo hicho kilindwe. Nairobi kuna kampuni zinazokuwekea mtungi wenye mita, unalipa hata shilingi hamsini kwa simu, gesi inawaka ya hamsini. Hiyo ndiyo teknolojia pekee ya jikoni niliyoiona inayofanana na mfuko wa mamangu. Kama kuna msamaha wa kodi wa kutoa, utolewe hapo, Ukunda na Msambweni na Kinango, kabla ya hoteli.

Nne. Hadi hayo yatimie, shilingi 18 za mafuta ya taa ziondoke. Mfuateni mwenye tangi.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba ruzuku hupotosha soko. Mhadhiri alilisema vizuri, na grafu. Nilitaka kumuuliza soko gani, maana soko la makaa pale kwetu limeshapotoshwa kwa nyundo, limepigwa kitako. Lakini nilikuwa na aibu, na muhula uliofuata sikurudi.

Wengine watasema ukimpa maskini pesa ya gesi atainunulia kitu kingine. Huenda. Mzee wa Uingereza naye hupewa pauni zake bila mtu kumfuata dukani, na akinunulia mjukuu zawadi hakuna anayeitisha kamati ya bunge. Bibi akikosa gesi mwezi mmoja kwa kuwa amelipa hospitali, basi moto wake wa mwezi huo ulikuwa dawa. Ni mtu mzima. Amelea watoto saba kwa pesa isiyotosha. Sioni kamati ipi ya kumfundisha matumizi.

Serikali imesema inataka kila Mkenya apikie nishati safi kufikia 2028. Sawa. Pale Dongo Kundu, ng'ambo ya Likoni, Februari 2023 Rais aliweka jiwe la msingi la bohari ya gesi ya tani elfu thelathini. Sehemu kubwa ya gesi ya nchi inaingia kupitia pwani hii. Ikipanda malori inapita mbele ya wanawake wenye matita kichwani, na ikirudi kwetu imeshakuwa ya 1,200. Bohari ni nzuri, lakini bohari ni mtungi mkubwa tu, na mtungi tumeshaona haupiki.

Kila mwaka, Mswada wa Fedha ukitoka, wanatangaza ushirikishwaji wa umma. Wanaokwenda ni mawakili, wahasibu na watu wa kampuni, kila mmoja na kurasa zake. Mwaka ujao nami nitakwenda. Sina shahada ya kuweka mbele ya jina langu. Nimeshamwomba muuza makaa aniuzie lile kopo lake, lenye kitako kilichoingia ndani. Anataka shilingi mia mbili. Tunaelewana.